Namna ya kuandika tenda ya vitu vya kijani na vya kurejelezwa, kwa sie tulio visiwani

Jamani hili swali naulizwa sana, na walimu wakuu, na maafisa manunuzi waloanza kazi juzi, na akina mama wa vikundi huku Chake, kwamba serikali inanunuaje vitu visivyoharibu mazingira, mbona kwenye hotuba tunasikia halafu stoo ukifungua ni yale yale? Mimi nimefanya kazi ya manunuzi huku Pemba kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naandika ninachokijua, na naandika kirefu maana jambo lenyewe linaniuma.

Sie tuko kisiwani. Kila kinachonunuliwa na ofisi kinakuja na meli, kinashuka Mkoani au Wete au kule Malindi Unguja, kinatumika, na baada ya hapo hakirudi kilikotoka. Katriji ikiisha inabaki hapa hapa, kiti cha plastiki kikivunjika mguu kinabaki hapa hapa, na kama uko Unguja nenda siku moja kwenye jaa la Kibele ukajionee kwa macho vinapoishia. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, miaka mingi kabla ya Bara waliofanya 2019, kwa hiyo nia tunayo ya zamani sana. Tatizo letu liko kwenye karatasi, pale mtu anapokaa kuandika anataka kununua nini.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kuna mwaka tuliagiza mifuko ya taka za ofisini, nikaandika kwenye kotesheni, yaani karatasi ya kuulizia bei, "mifuko ya taka, rafiki wa mazingira, pakiti 200", basi, nikaona nimefanya jambo kubwa. Msambazaji akaleta mifuko imechapwa jani la kijani, bei nzuri, tukasaini, ikaingia stoo. Stoo yenyewe bati tupu juu, joto lake mnalijua. Ikapita miezi, siku moja dada wa usafi akaja ameshika mfuko, "kaka hebu tazama hichi kitu", akauvuta kidogo ukakatika kama manda iliyokauka, vipande vidogo vidogo vimemganda vidoleni na vyengine vishamwagika uani upepo unavipeleka chini ya mikarafuu, na ukitaka kuviokota huwezi maana ukivigusa vinavunjika tena vinazidi kuwa vingi. Kumbe ile ni plastiki ile ile ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuivunja ikipata joto na jua, haiozi, inageuka chembe chembe tu na chembe zinabaki kwenye udongo. Umoja wa Ulaya wameshapiga marufuku plastiki ya aina hiyo kuuzwa kwao tangu Julai 2021. Na mzigo sikuweza kuurudisha, maana nilichoandika ndo alicholeta, neno "rafiki wa mazingira" halina mizani ya kulipimia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza na nakiomba sana, kwenye tenda usiandike sifa, andika kinachopimika. Ukitaka mfuko unaooza kweli andika kiwango, mfano EN 13432 ambacho ni cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, halafu ujiulize tena, maana mifuko ya kiwango hicho imetengenezwa kuozea kwenye mtambo wenye joto la nyuzi karibu 60, sasa taka za ofisi yako zinapelekwa kwenye mtambo kama huo au zinatupwa jaani? Kama zinatupwa jaani basi pengine ndoo yenye mfuniko inayooshwa kila jioni ni bora kuliko mfuko wowote ule. Na hili ndo swali la kuanza nalo kabla hata ya kuandika, kwamba hivi tunahitaji kununua? Viti vikivunjika viangaliwe kwanza kama fundi anaweza kuvitengeneza. Haya mambo yafanyike mapema wakati mnapanga mpango wa manunuzi wa mwaka, kabla ya Julai 1 mwaka mpya wa fedha unapoanza, ukisubiri mwezi wa tano pesa inakaribia kurudi Hazina utanunua chochote kilichopo dukani Chake na hutakuwa na muda wa kuuliza kimetoka wapi.

Tuchukue karatasi za fotokopi maana kila ofisi inazo. Karatasi ya kurejelezwa ina aina mbili za malighafi na wauzaji wanapenda kuzichanganya. Kuna vipande vya pembeni vinavyokatwa kiwandani, ambavyo hata zamani kiwanda kilikuwa kinavirudisha kwenye mashine, na kuna karatasi zilizokwisha kutumiwa na watu, yaani gazeti, daftari, mafaili, zikakusanywa zikasagwa upya. Hii ya pili ndo inayopunguza taka kweli. Marekani walilijua hili mapema, sheria yao ya 1976 ilizitaka ofisi za serikali zinunue vitu vyenye malighafi iliyorejelezwa, na mwaka 1993 rais wao akatoa amri kwamba karatasi za serikali ziwe na angalau asilimia 20 ya karatasi iliyotumiwa na watu, baadaye ikapanda asilimia 30. Ujerumani ile alama yao ya mazingira ya Blauer Engel, iliyoanza 1978, karatasi ya kuchapia haipewi mpaka iwe imetoka kwenye karatasi kuukuu kwa asilimia 100. Kwa hiyo wewe ukiandika usiseme "karatasi ya kurejelezwa", sema "karatasi A4, gramu 80, angalau asilimia 30 ya malighafi itokane na karatasi zilizokwisha kutumiwa na watu, muuzaji alete cheti cha kuthibitisha na rimu moja ya sampuli". Hiyo rimu usiitie kabatini ikawa pambo, ipeleke kwenye mashine yenu ile ile mbovu, piga kurasa 100 mbele na nyuma, uone kama inakwama. Ikikwama angalia kwanza unyevu, huku kwetu hewa ni ya bahari na karatasi yoyote ukiiacha wazi sakafuni italegea na kukwama, iwe mpya iwe ya kurejelezwa, kwa hiyo iweke juu ya mbao na usifungue rimu kabla ya siku ya kuitumia. Nimeona watu wanailaumu karatasi ya kurejelezwa bure kabisa.

Katriji za printa ni vivyo hivyo. Zilizotengenezwa upya zipo nzuri na zipo za mitaani zilizotobolewa zikajazwa unga zikakuchafulia mashine. Usiwakatae wote kwa kosa la mmoja, andika idadi ya kurasa unayotaka na kwamba ipimwe kwa kiwango cha ISO/IEC 19752 kwa zile za tona nyeusi, yaani unga wa kuchapia, andika kwamba ikivuja inabadilishwa bila malipo, na hapo sasa kwa sie wa kisiwani ongeza kifungu kimoja muhimu mno, kwamba msambazaji anapoleta mpya anaondoka na tupu, anazirudisha na meli kule kwenye kuzitengeneza na analeta karatasi ya kuonesha zimepokelewa. Bila kifungu hicho kwenye mkataba hata awe muungwana vipi hatazibeba, na utazikuta nyuma ya ofisi watoto wanachezea unga.

Upande wa alama na vyeti kuwa makini, maana hapa watu wazito walishateleza. Jimbo moja la Uholanzi lilitoa tenda ya mashine za kahawa na kahawa yake na wakataka alama mbili kwa majina, kesi ikafika Mahakama ya Ulaya na mwaka 2012 ikaamuliwa kwamba huwezi kudai alama kwa jina tu, andika masharti yenyewe yaliyo nyuma ya ile alama na mtu mwenye uthibitisho mwengine wa sawa na huo umkubali. Najua mahakama ile si yetu, lakini somo lake linatufaa sana huku, maana kikundi cha Micheweni kitatoa wapi pesa ya kulipia alama ya Ulaya? Ukiandika sharti lenyewe na wao wanaweza kulithibitisha kwa njia yao.

Kesi nyengine ya Ulaya ninayopenda kuwaeleza vijana ni ya mabasi ya Helsinki, iliamuliwa Septemba 2002. Mji ule ulitoa pointi za ziada kwa mabasi yenye moshi kidogo na kelele kidogo, aliyeshindwa akalalamika, mahakama ikasema inaruhusiwa, ila vigezo vihusiane na kitu chenyewe kinachonunuliwa, viandikwe wazi tangu mwanzo kwenye nyaraka za tenda, na visimbague mtu. Mimi naishika hivyo hivyo. Huwezi kufungua bahasha, ukaona bei, ndo ukakumbuka mazingira. Na kwetu sie taratibu zipo, kuna Sheria namba 11 ya 2016 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma, kuna Mamlaka yake ya kusimamia, kuna mfumo wa e-Proz wa tenda za mtandaoni, kuna bodi ya zabuni, kwa hiyo mtu asije akatumia neno kijani kama mlango wa nyuma wa kumpa tenda shemegi yake. Hilo likitokea mara moja mkaguzi akalikamata basi ofisi nzima itaogopa kununua kitu cha kijani kwa miaka.

Bei sasa. Utaambiwa hivi vitu ghali, na kwenye kotesheni ni kweli mara nyingi ni ghali, lakini kotesheni ni bei ya dukani tu. Piga hesabu ya maisha mazima ya kitu. Skuli ina globu 20 za varanda na uwanjani, zinawaka saa 12 kila usiku. Globu ya zamani ya wati 60 inakula kama yuniti 262 kwa mwaka, ya LED ya wati 9 inakula 39 na kitu, tofauti yuniti 223 kwa globu moja, kwa 20 ni zaidi ya yuniti 4,400 kila mwaka, zidisha mwenyewe kwa bei ya umeme unayolipa. Na ile ya zamani maisha yake ni kama saa 1,000 kwa hiyo utaibadilisha mara nne kwa mwaka, ya LED ikiwa ya saa 15,000 inavuka miaka mitatu. Umeme wetu Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, kila yuniti tunayoiacha ni nafasi ya mtu mwengine. Hesabu hii iandike kwenye nyaraka kwamba ndivyo utakavyolinganisha, ukishaiandika bodi haina wasiwasi wa kumpa tenda mwenye bei kubwa ya dukani.

Na siyo kila mara itawezekana. Wamarekani kwenye sheria yao waliacha nafasi ya kutonunua cha kurejelezwa iwapo hakipatikani kwa wakati, au hakifikii kazi inayotakiwa, au bei yake imepita kiasi, au hakuna ushindani wa kutosha, ila afisa aandike sababu. Nakupendekezea ufanye hivyo hivyo hata kama hujaagizwa, andika ukurasa mmoja utie kwenye faili. Kule kwao walianza na vitu vichache tu mnamo miaka ya 80, saruji yenye majivu ya makaa, karatasi, oili iliyosafishwa upya, matairi yaliyovishwa upya, wakaendelea kuongeza. Nawe anza na vitu viwili au vitatu.

Sasa kwa akina mama wa vikundi, maana nyie ndo mlionipigia simu. Mnazika makumbi ufukweni miezi, mnayafukua, mnayaponda kwa rungu mpaka usumba unatoka, mnasokota kamba kwa viganja, na mkeka wa mlangoni wa kazi hiyo unadumu. Halafu skuli ya pembeni inaagiza mkeka wa mpira kutoka nje kwa sababu tenda imeandikwa "mkeka wa mpira". Afisa andika kazi ya kitu, "mkeka wa kufutia miguu mlangoni, sentimita 60 kwa 90, unene usiopungua sentimita 3, unaokauka upesi, usioacha nyuzi", mwenye mpira aje na mwenye usumba aje. Na kama inatakiwa mikeka 300 igawe mafungu ndani ya tenda hiyo hiyo moja na mzigo uletwe kwa awamu, kikundi cha watu 15 hakiwezi kuleta 300 kwa wiki mbili. Mafungu ndani ya tenda moja sawa, kuikatakata tenda ili ikwepe kiwango cha pesa cha kupelekwa bodi ni kosa, msichanganye. Nyie akina mama nanyi jisajilini, kikundi kiwe na karatasi zake, akaunti ya benki, usajili wa kodi ZRA, muingie kwenye e-Proz, na muwe na mtaji wa kungojea maana pesa ya serikali haiji siku ile ile mliyoshusha mzigo, wala msikope kwa riba mkitegemea italipwa Ijumaa.

Siku ya kupokea ndo siku ambayo watu wengi wanaharibu. Sampuli iliyokubaliwa iwe imehifadhiwa stoo, imesainiwa na pande zote mbili, na kamati ya mapokezi iiweke mezani karibu na mzigo, wafungue maboksi ya katikati na ya chini siyo la juu tu. Vuta, pima kwa futi, soma nambari ya kiwango kwenye pakiti na ulinganishe na cheti. Na muite anayekitumia kitu, mimi siku hizi mifuko ikiletwa siisaini mpaka dada wa usafi aje aitie maji, ainyanyue, aiache juani siku mbili tatu, akisema hapana mzigo unarudi kwa aliyeuleta. Sababu alizozitoa naziandika kwa maneno yake kwenye fomu ya mapokezi, na nakala inakaa kwenye faili la mpango wa mwaka unaofuata, ukurasa wa mwanzo.