Kutafuta vigawo vyote vya 1,396,296 kwa kalamu na karatasi

Ukipewa namba ndefu, usianze kugawa ovyo. Soma tarakimu zake kwanza.

Anzia mwisho. Tarakimu tatu za mwisho ni 296, yaani 8 × 37, na kwa kuwa 1,000 inagawanyika kwa 8, namba nzima nayo inagawanyika. Kwa 16 tazama tarakimu nne: 6,296 ÷ 16 inaacha baki 8. Basi 2 inaingia mara tatu tu.

Jumlisha tarakimu zote: 1 + 3 + 9 + 6 + 2 + 9 + 6 = 36, kwa hiyo 9 imo. Usiitumie kanuni hii kwa 27. Ni ya 3 na 9 peke yake.

Sasa jaribio zuri kuliko yote. Kata mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 296 − 396 + 1 = −99. Kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001, hesabu hii moja inajibu kwa namba tasa tatu kwa mpigo. 99 inagawanyika kwa 11, si kwa 7 wala 13. Ukikata kutoka kushoto (139, 629, 6), jibu halina maana.

Gawa: kwa 8 unapata 174,537, kwa 9, 19,393, kwa 11, 1,763.

Hapa kwenye 1,763 ndipo wengi hukosea. Jumla ya tarakimu ni 17, hivyo 3 haimo tena, na 1 − 7 + 6 − 3 = −3, hivyo 11 nayo imekwisha. Kipeuo chake cha pili ni pungufu kidogo ya 42, kwa hiyo lazima ujaribu namba tasa hadi 41. Kwa 17 baki ni 12. 19 na 23, baki 15. 29, baki 23. 31, baki 27. 37, baki 24. Mtu akichoka hapo huandika "tasa", kumbe 1,763 = 41 × 43. Njia ya mkato ipo: 42² = 1,764, basi 1,763 = 42² − 1² = (42 − 1)(42 + 1). Kila mara tazama kwanza namba mraba iliyo juu kidogo ya namba yako.

Hivyo 1,396,296 = 2³ × 3² × 11 × 41 × 43. Hakikisha kwa kuzidisha 792 × 1,763.

Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha, 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96. Aliyeiacha 1,763 kama tasa atapata 48, nusu kamili imempotea.

Jumla ya vigawo: (1+2+4+8) × (1+3+9) × 12 × 42 × 44 = 4,324,320. Toa namba yenyewe, inabaki 2,928,024, zaidi ya mara mbili ya namba tuliyoanza nayo.

Ukitaka kuigeuza iwe namba mraba, vipeo vyote viwe shufwa: zidisha kwa 2 × 11 × 41 × 43 = 38,786, upate 232,716².