Mtoto anaonewa kwenye simu? Usianze kwa kumnyang'anya simu

Wazazi wenzangu wa Dodoma, mimi nilianza vibaya kwahiyo nisikilizeni. Binti wa kaka yangu yuko form two, kahamia kwangu Nkuhungu akitokea kijijini kule Chamwino, lafudhi ya Kigogo bado imejaa, basi wenzake wa tuisheni wakampiga picha mdomo mwekundu wa ubuyu wakaitengeneza stika ya WhatsApp, chini wameandika "wa kuja". Kila akiandika kitu kwenye grupu anajibiwa na sura yake mwenyewe. Wa kuja, hapa hapa Dodoma, tena na watoto ambao wazazi wao ndo wamehamia juzi na serikali!

Mi nilipojua nikachukua simu nikafuta WhatsApp yote. Ushahidi ukaenda nayo, na mtoto akajifunza kwamba ukimwambia shangazi unapoteza simu.

Dalili ninazozijua mimi: tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi, simu inageuzwa kifudifudi ukiingia, halafu anaomba hela ya bajaji wakati siku zote anatembea na wenzake.

Akikuambia, we sikiliza kwanza. Usimuulize "ulifanya nini mpaka wakuanze", hapo umeshamfunga mdomo. Kisha mkae wote mpige skrinishoti, na hapa watu wengi wanakosea, jina alilolisevu mtoto halisaidii kitu, fungua wasifu namba yenyewe ionekane, na tarehe pia. Ila kama ni picha ya mtoto akiwa uchi usiipige skrinishoti wala kumrushia mtu hata kwa nia njema, iache kwenye simu hiyo hiyo uwaone polisi. Baada ya hapo ndo unaripoti na kublok, na kwenye mipangilio ya faragha uweke kwamba ni kontakti zake tu wanaoweza kumuingiza kwenye magrupu.

Shuleni nenda mwenyewe kwa mwalimu wa malezi na hizo skrinishoti, na mzazi wa yule mwingine mkutane hapo hapo. Usiende kubwatuka kwenye grupu la wazazi. Na mimi siombi viboko, mtoto akichapwa kwa ajili ya mwanao atamsubiri njiani tu.

Ikiwa kuna vitisho, au mtu anadai hela ili asisambaze picha, usitume hata mia, nenda polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inahusu unyanyasaji wa mtandaoni, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtoto wa form two wala usimtishie na hiyo, ila jitu zima linalojificha nyuma ya akaunti feki lisomee yote.

Ile stika bado iko kwenye simu za watu, sijidanganyi. Ila juzi nimemkuta jikoni anarekodi voisi noti ya grupu lao jipya, lafudhi yote ile ile, anacheka mpaka maharage yakaungua.