Somo: Kupiga guniya ncha za kalamu ya mti

Mwaka jana mteja alinirudishia kalamu ya mpingo. Hakugomba. Aliisogeza tu dirishani akaipindua, nikaona mwanga unapita kati ya mti na pete. Upande mmoja mwanya, upande wa pili pamebana kabisa. Nilibadilisha pete, nikajaza gundi, nikapiga msasa upya. Mwanya ukabaki palepale. Kosa lilikuwa limetokea zamani, siku niliyosawazisha ncha, yaani miisho miwili ya kipande cha mti. Na nilitumia guniya (kifaa cha kupimia pembe 90) nzuri, mpya. Niliiegemeza ubavuni mwa mti.

Somo zima liko hapo. Biti ikiingia kwenye mti mgumu haiendi wima unavyodhani. Hufuata nyuzi, ikatokea upande wa pili imehama milimita moja au mbili. Ubavu wa kipande wote utaliwa na patasi kwenye kerezo, mashine inayozungusha mti ukichongwa. Kitakachobaki ni tundu lenye mrija wa shaba. Kwa hiyo ncha inapigwa guniya na tundu, ubavu hauhusiki.

Kwenye kalamu yenye unene wa milimita 10, ncha ikilala kwa digrii 1 tu, unapata mwanya wa karibu milimita 0.17. Karatasi ya printa ni kama milimita 0.1. Jicho linauona, ukucha unaugusa. Isitoshe, ukikaza nati ya mandreli (fimbo ya chuma inayobeba vipande kwenye kerezo) juu ya ncha iliyolala, mandreli inapinda kidogo, na mti unatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Tendegu la kitanda likiwa fupi unaliwekea kadi chini, maisha yanaendelea. Kalamu haina pa kuwekea kadi.

Nazungumzia kalamu nyembamba ya kuzungusha, yenye vipande viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja na mrija wake wa milimita 7, kwa sababu ndiyo wengi tunaanzia.

Hatua ya 1: kukata. Kata kipande kirefu kuliko mrija kwa milimita 2 hadi 3, yaani milimita moja na zaidi ya kusaga kila ncha. Ukiacha milimita 6 utachosha kifaa na kuunguza mti bure. Kabla ya kukata katikati, piga mstari wa penseli ubavuni ili nyuzi za nusu mbili zije kukutana.

Hatua ya 2: kutoboa, polepole. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na hauvumilii joto. Kila ukiingia kama sentimita moja, toa biti, pangusa unga, ingia tena. Ukisikia harufu ya kuungua umeshachelewa. Ufa utauona kesho.

Hatua ya 3: gundi. Kwaruza mrija kwa msasa mpaka ung'avu uondoke. Kwa mpingo, ambao una mafuta yake, pangusa tundu kwa kitambaa chenye asetoni, uache pakauke. Sasa ujanja wa jikoni: chukua kipande cha kiazi mviringo kibichi, unene wa kidole, ukandamize kila ncha ya mrija juu yake. Kiazi kinaziba mdomo, gundi haiingii ndani. Paka gundi, sukuma mrija huku ukiuzungusha, hakikisha umezama ndani ya mti kidogo pande zote mbili. Mimi napenda gundi ya kuchanganya mbili, nailaza usiku mzima. Supagluu inashika haraka lakini joto la kusaga huilegeza. Gundi ikikauka, sukuma kiazi kwa kijiti.

Hatua ya 4: safisha ndani ya mrija. Watu huiruka hii, na ndiyo inayowaangusha. Trima, kile kifaa cha kusagia ncha, ina mhimili unaoingia ndani ya mrija na kichwa chenye meno kinachokaa pembe 90 na mhimili huo. Mhimili ndio guniya yenyewe. Tone moja la gundi kavu ndani ya mrija linaulaza, nao unakulazia ncha, nawe utalaumu kifaa. Kwaruza kwa tupa ndogo ya mviringo mpaka mhimili uteleze bila kugoma na bila kucheza.

Hatua ya 5: kusaga. Paka ncha nzima penseli au kalamu ya wino mzito. Bana kipande kwenye jiliwa, weka trima kwenye drili, mzunguko wa chini kabisa. Anza kuzungusha kabla meno hayajagusa mti, kisha gusa na uachie, gusa na uachie. Unyoya mwembamba ukitoka, meno ni makali. Ukitoka unga na mlio wa kukereketa, simama unoe: tupa bapa ya almasi kwenye uso wa kila jino, misugo sawa kwa kila moja, la sivyo jino moja litafanya kazi ya wenzake.

Angalia wino unavyoondoka. Mara nyingi unaanza upande mmoja, dalili kwamba ncha ililala. Endelea mpaka wino wote uishe na mdomo wa mrija ung'ae duara zima. Duara likishang'aa, basi. Usisage hata mara moja ya kuhakikisha. Mimi raundi za mwisho nazima drili, nazungusha kwa mkono.

Hatua ya 6: toa ukingo wa shaba uliojikunja ndani ya mdomo, kwa ncha ya kisu, mara mbili tatu tu. Ukiuacha, siku ya kukandamiza vyuma utasikia "ta!" na mti umepasuka, kazi yote ikiwa imeisha.

Kupima: simamisha kipande juu ya kioo, taa nyuma yake, ukizungushe. Mwanga usipite popote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Tanga: Fundi, shikamoo. Trima sina na hapa siipati. Nifanyeje?

Marahaba. Kama una kerezo, tengeneza sahani ya plaiwudi, ibandike msasa namba 120 na kuifunga upande wa mota. Upande wa pili, kwenye chaki ya kutobolea, funga fimbo ya chuma inayoingia barabara ndani ya mrija. Vaa kipande kwenye fimbo, kisogeze taratibu kwenye msasa. Muhimu fimbo na sahani viwe vimekaa pembe 90. Sahani ikereze uso wake hapohapo kwenye mashine kabla ya kubandika msasa.

Swali, kutoka Mombasa: Kaka, nilipitiliza, mrija wa chini umefupika kama milimita moja. Nitupe?

Usitupe. Kile chuma cha kuzungushia kinakandamizwa ndani ya kipande cha chini, sasa kikandamize pungufu kwa milimita hiyohiyo. Ingia kidogo, weka mrija wa wino, zungusha, tazama ncha ya wino inatoka na kurudi vipi, kisha endelea. Kikizama sana kukitoa ni shughuli. Kalamu za kubonyeza na penseli hazina nafasi hiyo ya kurekebisha. Huko milimita ni milimita.

Swali, kutoka Morogoro: Nafanya kwa pembe ya ng'ombe. Trima inabomoa kingo.

Pembe ina matabaka, meno yanayainua. Tumia sahani ya msasa niliyomweleza mwenzetu wa Tanga. Vaa barakoa, vumbi lake ni baya, na harufu majirani wataisikia.

Swali, kutoka Nairobi: Fundi, ncha zilikuwa sawa kabisa, nimepima kwa kioo. Baada ya miezi miwili nikipitisha kidole nasikia ngazi kati ya mti na chuma. Guniya imepotea?

Hapana dada, guniya ipo. Mti ukikauka husinyaa kwenye unene, urefu wake karibu haubadiliki. Mwanya wa nchani ungekuwa kosa la kusaga. Ngazi ya ubavuni ni mti uliokerezwa mbichi. Mpingo hukauka kwa kusuasua sana. Kata vipande vyako mapema, paka ncha nta, viweke kivulini, na kila mwezi upime uzito kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka ndipo utoboe.