Vunjajungu wako amefura tumbo na hatagi? Jaribu hivi

Nyanya akiniona na vunjajungu mkononi alikuwa apiga ukelele, "weka hiyo, utanivunjia vyungu!" Vyungu viko mpaka leo na mimi bado nafuga, na swali naloulizwa zaidi ni hili la jike kukwama na mayai.

Kwanza hakikisha ni jike. Hesabu pingili za tumbo upande wa chini, jike ana 6, dume 8. Na usiniambie "wangu hajaona dume", jike akishakomaa akatoka mbawa atataga tu hata bila dume, ni vile mayai mengi hayataanguliwa. Dalili zenyewe: tumbo limejaa mpaka mbawa zainuka, chakula hataki, kutwa yuwazunguka akigusagusa kuta na ncha ya tumbo kama atafuta kitu.

Na kweli yuwatafuta. Vunjajungu hutaga kichwa chini miguu juu, atoa povu alikoroge na mkia huku apanga mayai ndani, kazi ya masaa, sasa kwenye kopo la plastiki laini atajishika wapi? Hapa ndipo wengi twakosea. Mtafutie chombo kirefu angalau mara 3 ya urefu wake, uweke vijiti vyenye magome makavu, unene wa penseli au zaidi, kimoja wima kingine mshazari. Mimi natumia mwembe. Mwarobaini siutaki manake ni dawa ya wadudu. Kifuniko weka shela au kitambaa chochote cha matundu, lakini neti ya mbu ile yenye dawa usithubutu, mimi wangu wa kwanza nilimfunikia kipande cha neti na asubuhi nikamkuta chini miguu yatetemeka, kosa langu mwenyewe. Koili na spirei za mbu pia, chumba kingine.

Halafu maji. Utasema Mombasa unyevu uko, sawa, lakini chumba chenye feni usiku kucha au AC ni kikavu ajabu. Pulizia vijiti na kuta asubuhi na jioni, na maji yasiwe ya kisima yale ya chumvi, tumia ya mvua au ya kunywa. Mpe na tone kwenye ncha ya kijiti cha meno, lisogeze mdomoni taratibu, akiwa na kiu utaona vile visharubu vya mdomo vyachezacheza mpaka tone laisha.

Joto digrii 26 mpaka 30 latosha, kaskazi hata usijisumbue, ila kusi usiku mwondoe karibu na dirisha.

Chakula punguza, nzi mmoja kila siku 2 au 3 basi.

Na TAFADHALI usimkamue!! Tumbo likipasuka amekufa.

Baada ya hapo mwache, usimfungulie fungulie kila dakika. Saa zingine atadondosha mayai moja moja sakafuni, hayo yameharibika lakini yeye apata nafuu. Tumbo likigeuka jeusi na kulegea, hapo ameshaoza ndani na sina dawa ya kukupa.

Wangu wa sasa alikaa siku 2 baada ya kuwekewa kijiti, nikaamka alfajiri nikakuta povu jeupe limeganda laanza kuwa kahawia na mwenyewe kakonda kama njiti ya kiberiti. Wako naye akishataga, mpe maji kwanza, kisha nzi, manake wiki chache tu ataanza kufura tena.