Ukitaka Kumfuatilia Jaji wa Shirikisho wa Marekani, Anza na Kiti, Usianze na Jina

Ninafanya kazi ya ukalimani mahakamani hapa Minneapolis, na kila White House inapotangaza majina ya majaji, simu yangu haitulii. "Dada, huyu mpya ni mzuri au mbaya kwetu?" Swali hilo lina uzito kwangu, kwa sababu jaji wa shirikisho akishaapa hukaa kitini maisha yake yote, mradi mwenendo wake uwe mwema. Rais aliyemteua ataondoka, maseneta waliompigia kura watazeeka, na yeye bado anaandika hukumu. Ndiyo maana nawafundisha wanaoniuliza njia ninayoitumia mwenyewe.

Kwanza jambo moja linalowapotosha wengi wetu. Jaji wa uhamiaji, yule anayesikiliza kesi yako ya ukimbizi, si jaji wa aina hii. Ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, huteuliwa na Mwanasheria Mkuu, na Seneti haimpigii kura. Lakini ukishindwa kwake, na rufaa yako ikakataliwa ndani ya wizara, kesi huenda Mahakama ya Rufaa ya shirikisho. Sisi wa Minnesota tuko chini ya Mahakama ya Rufaa ya Nane, inayohudumia majimbo 7. Huko ndiko majaji wa kudumu wanakutana na watu wetu.

Sasa, kiti. Fungua tovuti ya mahakama za shirikisho, uscourts.gov, utafute orodha ya nafasi zilizo wazi. Iko pia orodha ya nafasi zitakazokuwa wazi, na hiyo ndiyo ya kuikazia macho. Jaji aliyefikisha miaka 65 na kutumikia miaka 15 anaweza kupunguza kazi bila kupoteza mshahara, na kiti chake kikatangazwa wazi. Tarehe anaichagua mwenyewe. Wapo wanaongoja mpaka Ikulu ipate Rais wanayemtaka. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, baadhi ya majaji waliokuwa wametangaza kupunguza kazi walibatilisha uamuzi wao. Siasa za kiti huanza hapo, mapema kabla jina lolote halijatajwa.

Ukishakijua kiti, uliza kiko mahakama gani. Kama ni mahakama ya wilaya, ile inayosikiliza kesi mwanzo, maseneta wawili wa jimbo lile wana nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kamati ya Sheria ya Seneti huwapelekea karatasi ya buluu, waseme kama wanamkubali mteuliwa. Desturi hii ina zaidi ya miaka 100, haimo katika Katiba, na bado seneta mmoja asipoirudisha karatasi, uteuzi wa jaji wa wilaya kwa kawaida hukwama papo hapo, bila hotuba wala kura. Kwa Mahakama za Rufaa nguvu hiyo imekwisha, na ilivunjikia hapa kwetu. Mwaka 2017 Rais Trump alimteua David Stras, jaji wa mahakama ya juu ya Minnesota, aende Mahakama ya Nane. Seneta Al Franken wa Minnesota akakataa kurudisha karatasi. Mwenyekiti wa kamati, Chuck Grassley, akaendelea na kikao cha kumhoji mteuliwa, na Januari 2018 Stras akapitishwa kwa kura 56 dhidi ya 42. Tangu hapo vyama vyote viwili vimepitisha majaji wa rufaa bila ridhaa ya maseneta wa jimbo.

Kwa hiyo kama unataka kusikika kuhusu jaji wa wilaya, iandikie ofisi ya seneta wako pale kiti kinapotangazwa wazi. Baadhi ya maseneta huunda kamati ya kuwachuja waombaji. Ukingoja mpaka jina lifike Seneti, maji yamekwisha mwagika.

Jina likitoka, nenda congress.gov, kila uteuzi una namba inayoanza na herufi PN. Kisha tafuta kwenye tovuti ya kamati dodoso alilojaza mteuliwa. Ni refu, na watu hulikwepa, ila mimi nalithamini kuliko kikao chenyewe. Humo ameorodhesha kesi 10 alizoziona kubwa katika maisha yake ya kazi, na kama amewahi kuwa jaji, hukumu zake zilizotenguliwa. Humo ndimo utaona kama amewahi kumtetea mtu asiye na pesa. Kikaoni kila seneta huwa na dakika chache tu, na mteuliwa atarudia kwamba hawezi kuzungumzia jambo linaloweza kufika mbele yake.

Baada ya kamati inabaki hesabu ya kura, na hapa historia ni lazima. Zamani kura 60 zilihitajika ili kufunga mjadala, ndipo mteuliwa apigiwe kura ya mwisho. Novemba 2013 Wademokrati wakiongozwa na Harry Reid waliondoa sharti hilo kwa majaji wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Warepublikan chini ya Mitch McConnell wakaliondoa na huko. Leo kuzidi kwa kura moja kunatosha. Desemba 2018 Jonathan Kobes, wa Mahakama hiyo hiyo ya Nane, alipata kura 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Mike Pence akaamua kwa kura yake.

Ndiyo sababu swali la kwanza ni nani ana wingi Seneti. Merrick Garland aliteuliwa Machi 2016 na Rais Obama kwa kiti cha Mahakama ya Juu. Seneti ya Warepublikan haikumpa hata kikao, na uteuzi ukafa baada ya siku 293. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama hiyo ya Juu, alifariki Septemba 18, 2020, Rais na Seneti wakiwa chama kimoja. Amy Coney Barrett alithibitishwa kushika kiti chake Oktoba 26, kura 52 kwa 48. Miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi wa Rais. Mimi naona hilo liliumiza imani ya watu kwa mahakama, na nalisema wazi kwa yeyote anayeniuliza.

Weka alama kwenye Januari 3 ya kila mwaka unaofuata uchaguzi wa Congress. Bunge jipya linapoanza, uteuzi ambao haukupigiwa kura huwa umerudi kwa Rais, na lazima utumwe upya. Tafuta namba mpya ya PN kwa kiti kile kile. Jina la zamani lisiporudi, na kiti ni cha wilaya yako, ofisi ya seneta inapokea barua tena.