SOMO: Inhela ya bluu peke yake haitoshi

Wakuu, kila wiki naulizwa: mwenye pumu atumieje inhela, na ile ya bluu ya kufungua kifua yatosha? Leo nalijibu mara moja. Nina pumu tangu utotoni, naishi Temeke.

1. Tikisa inhela.

2. Toboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tundu libane mdomo wa inhela. Wewe vutia shingoni mwa chupa.

3. Bonyeza mara moja, vuta pumzi taratibu mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena.

4. Inhela ya kahawia, ile ya kinga inayotuliza uvimbe wa mirija ya hewa, ni kila siku, hata ukiwa mzima. Hapa ndipo nilipokosea. Niliiacha miezi minane nikidhani nimepona, nikawa natembea na ya bluu mfukoni, hadi usiku mmoja nikawekwa kwenye oksijeni. Daktari alinichorea mrija wa hewa wa mtu mwenye pumu kali ya miaka mingi: msuli umenenepa, utando wa ndani umekakamaa, tezi za makohozi zimeongezeka. Salbutamol, ile ya bluu, hulegeza msuli tu. Uvimbe unabaki pale pale, na makohozi mazito yanaziba mirija kama kizibo. Wengi waliouawa na pumu, kifua kikifunguliwa mapafu hayanywei. Hewa imenaswa nyuma ya makohozi. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa dunia wa kupambana na pumu, haushauri mtu mzima atumie salbutamol peke yake.

ONYO: usiiache ya kahawia bila daktari. Ukimaliza kuvuta, sukutua, tema.

Kaka wa Mbagala: Kwa hiyo nikiwa sina shida nisivute?

Soma namba 4.

Kaka wa Mbagala: Si ujibu tu mkuu.

Nimeshajibu, tena kwa aya nzima. Ya kahawia vuta kila siku.

Mama Wawili: Mwanangu akibanwa hukoroma kifuani. Mlio ukiisha ndiyo amepata nafuu?

Asante kwa kuuliza, dada. Kama anaongea na kucheza, ndiyo. Lakini akiwa bado anahangaika, mbavu zinaingia ndani na kifua kimenyamaza, hewa haipiti tena. Usingoje kuche. Mpulizie ya bluu kwa chupa huku mkikimbilia hospitali.

Mama Wawili: Na chupa naioshaje?

Maji ya sabuni, kisha iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa dawa inanata ukutani mwa chupa.

Fundi Tandika: Mimi inhela naielesha kwenye maji kujua kama dawa imeisha.

Hiyo hudanganya, fundi. Nyingi zina mipulizo 200. Andika tarehe uliyoanza, uhesabu.