Somo: Kubadilisha maunti ya giaboksi katika gari la gia za mkono

Nimeliandika somo hili kwa urefu ili anayeuliza tena kwa nini gia zake zinayumba mkononi aelekezwe hapa, badala ya kupewa majibu ya haraka ambayo kwa kawaida huishia kuwa mashindano ya kutaja maunti iliyo ngumu kuliko zote. Ninazungumzia Subaru Impreza na Forester zenye giaboksi ya mkono ya gia 5. Mwenye gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele atafaidika na maelezo ya jinsi kazi inavyokwenda, lakini asifuate hatua za spana, kwa sababu mpangilio wa gari lake ni tofauti.

Katika magari haya giaboksi haikufungwa moja kwa moja kwenye bodi. Mkia wake umekalia maunti, yaani mpira ulioshikanishwa na mabamba ya chuma, na maunti hiyo imekalia boriti ya chuma inayovuka chini ya gari. Juu yake kuna mkono mfupi wenye bushi za mpira, unaoiunganisha giaboksi na ukuta ulio nyuma ya injini, na kazi yake ni kuzuia injini isijiinue unapoachia klachi. Sasa, wenzo wa gia umebebwa na chuma kirefu ambacho mbele kimefungwa kwenye giaboksi na nyuma kimeshikwa na bodi kupitia bushi nyingine. Kwa hiyo giaboksi ikijipinda kila unapokanyaga mafuta, wenzo nao husogea, na nafasi ya gia ya tatu unayoitafuta huwa imehama kutoka pale mkono ulipoizoea. Hiyo ndiyo hali ambayo wengi huieleza kwa kusema kwamba gia zimelegea.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gari likiwa tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na mguu wako ukiwa kwenye breki, mwombe mwenzako asimame pembeni, kamwe si mbele ya gari, atazame injini huku ukiingiza gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa rivasi. Injini ikiruka juu waziwazi, anza kuushuku ule mkono mfupi. Baadaye ingia chini ya gari lililokalia stendi, uweke mtaimbo kati ya boriti na giaboksi, uinue polepole: ukiona mpira umeachana na chuma, umepasuka hadi ndani, au umevimba na kulainika kwa sababu ya mafuta, maunti imekwisha. Mpira uliovimba ni ushahidi wa mvujo, na sili ya nyuma ya giaboksi isipobadilishwa kwanza, maunti mpya itaharibika vivyo hivyo. Hatimaye tikisa wenzo wa gia injini ikiwa imezimwa. Ukicheza sana hata gari likiwa limesimama, tatizo ni bushi za wenzo wenyewe, na hakuna maunti duniani itakayolitibu.

Kuhusu ununuzi, msimamo wangu ni kwamba wengi wanaotaka maunti ngumu wanahitaji maunti mpya tu. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, maana yake Impreza ya mwaka 2003 iliingia kabla ya mwaka 2012, na kama haijawahi kubadilishwa maunti, mpira wake una zaidi ya miaka 20. Mwenye gari hajawahi kuonja jinsi gia zilivyokuwa likiwa jipya, kwa hiyo analinganisha uchakavu na ndoto. Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu anunue maunti iliyotumika kutoka Japani, hata kama muuzaji wa Kirinyaga Road ameifuta ikang'aa. Chuma kilichotumika kinaweza kuwa kizima. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni.

Ukitaka kupanda daraja, ziko njia mbili. Ya kwanza ni mpira mgumu zaidi wa aina ya Group N kutoka STI, tawi la mashindano la Subaru, ambao unabana mwendo wa giaboksi bila kuleta kelele nyingi. Ya pili ni poliurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ambayo ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A; kwa gari la kwendea kazini usipite 80 hivi, na zile za 95 waachie wenye magari ya mashindano. Poliurethani haisikitiki wala haisahau: kila mtetemo wa injini gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Mombasa Road utaufikia usukani, vioo na meno yako.

Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, liache gari lipoe, kwa sababu utafanya kazi karibu na bomba la moshi.

Pili, tenganisha betri, zuia magurudumu, inua gari, kisha liweke kwenye stendi nne za chuma. Mawe ya kujengea na vipande vya magogo si stendi.

Tatu, ondoa ngao ya joto na sehemu ya bomba la moshi inayokuzuia. Nati zenye kutu zinyunyizie mafuta ya kulegeza jioni ya siku iliyotangulia.

Nne, fungua mkono mfupi wa juu upande wa giaboksi.

Tano, ishikilie giaboksi kwa jeki ya pili, ukiweka ubao mpana kati ya jeki na giaboksi. Ganda la giaboksi ni aluminiamu. Kichwa cha jeki kikibana sehemu ndogo, ganda hupasuka. Usiiweke jeki chini ya sampu ya mafuta ya injini pia, kwa kuwa bati lake huingia ndani na kukaribia kifyonzeo cha mafuta.

Sita, fungua maunti na boriti, kisha shusha mkia wa giaboksi kiasi cha kutosha kuichomoa maunti, basi. Mkia ukishuka, injini nzima huinama nyuma, hivyo mipira ya maji na nyaya huvutika. Wenye gari la turbo wawe waangalifu zaidi, kwa sababu bomba la moshi limepita karibu mno.

Saba ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi, na kwa kawaida lawama huangukia maunti isiyo na kosa. Fundi huiweka maunti mpya, huisukuma giaboksi juu kwa jeki hadi matundu yalingane, halafu hukaza kila bolti hadi mwisho huku jeki ingali inasukuma. Anapoiondoa jeki, uzito wa giaboksi unakalia mpira uliokwisha kupindwa na kufungwa ukiwa umepindika. Kuanzia hapo mpira unabeba mzigo upande mmoja, mtetemo unasikika injini ikinguruma gari likiwa limesimama, na wenzo wa gia unakaa ukiwa umeegemea upande. Namna iliyo sahihi ni kuanza bolti zote kwa vidole, hasa zile zinazoingia kwenye aluminiamu, kwa sababu uzi wake ukiharibika utalazimika kutafuta fundi wa kuchonga na kuingiza uzi mwingine. Zikishaingia zote, ziache zikiwa zimelegea, shusha jeki hadi uzito wote ukalie maunti, kisha itikise injini kwa mikono kutoka juu, kushoto na kulia, ili kila kitu kijitafutie mahali pake. Baada ya hapo ndipo unapokaza: maunti kwenye giaboksi, maunti kwenye boriti, boriti kwenye bodi, na mkono mfupi wa juu mwisho wa yote. Bolti ya mkono huo inapaswa kuingia kwa kusukumwa na kidole. Ikidai nyundo, kuna kitu hakijakaa sawa, na ni afadhali ulegeze uanze upya kuliko kuilazimisha.

Tumia spana ya torki na vipimo vya kitabu cha huduma cha modeli na mwaka wa gari lako. Bolti za boriti zinazoshika bodi hazikazwi sawa na nati ndogo za maunti, na mtu anayekaza zote “hadi zigome” atavunja ndogo na kuacha kubwa zimelegea.

Nane, rudisha bomba la moshi, hakikisha haligusi boriti, kisha endesha. Baada ya kilomita 500 hivi ingia tena chini ukapime kama bolti zimebaki zimekazwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kasarani: Nina Vitz ya otomatiki. Nikiweka poliurethani gia zitaingia haraka zaidi?

Jibu: La. Kichwa cha somo kinasema gari la gia za mkono. Katika otomatiki, uingiaji wa gia unaamuliwa na giaboksi yenyewe pamoja na mafuta yake. Gari lako likishtuka unapoingiza D, kagua maunti kama zimechakaa na uweke za mpira.

Mwanachama wa Umoja: Bei?

Jibu: Ya nini, ya gari gani, ya mwaka gani?

Mwanachama wa Ruaka: Asante kwa somo, ndugu. Impreza yangu huwa inakataa gia ya pili asubuhi wakati wa baridi ya Julai, lakini nikifika Westlands inaingia bila shida. Nimefanya kipimo cha mtaimbo na maunti inaonekana nzima. Je, nibadilishe tu?

Jibu: Usibadilishe, dada, na nimefurahi kwamba umepima kwanza. Shida inayoondoka joto likipanda kwa kawaida si ya maunti. Mafuta ya giaboksi yakiwa baridi huwa mazito, na pete za sinkroni, ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, hushindwa kuyakata haraka. Anza kwa kumwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya ya 75W-90 ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kisha uangalie sumaku ya bolti ya kumwagia: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyoonekana kwa jicho si vya kawaida. Fanya pia jaribio jingine lisilo na gharama. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote. Halafu iwashe, kanyaga klachi hadi chini, pitisha tena. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa tu na kukataa ikiwa inanguruma, hasa rivasi ikikwaruza, klachi haiachii kikamilifu, na unapaswa kukagua silinda za klachi na mafuta yake kabla ya kuigusa giaboksi.

Mwanachama wa Ruaka: Rivasi hukwaruza kweli, hasa nikiharakisha.

Jibu: Rivasi ya giaboksi nyingi za aina hii haina sinkroni, kwa hiyo kukwaruza unapoharakisha hakutoshi kuwa ushahidi. Kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, kisha ingiza. Ikikwaruza hata hapo, klachi inaburura, yaani haiachii kikamilifu.

Mwanachama wa South C: Mimi nilifuata ushauri kama huu nikaweka poliurethani, na sasa gari linatetemeka kama kinu cha posho. Mngetuambia ukweli mapema.

Jibu: Ugumu wake ni kiasi gani?

Mwanachama wa South C: Imeandikwa 95A. Muuzaji alisema ndiyo bora.

Jibu: Somo linasema usipite 80, na linasema mtetemo utaufikia usukani. Sina ukweli mwingine wa kuongeza juu ya huo. Kabla ya kuitupa, hata hivyo, rudia hatua ya saba, kwa sababu mtetemo mkubwa kiasi hicho unaweza kuwa unachangiwa na bolti zilizokazwa jeki ikiwa imesukuma. Kagua pia kama bomba la moshi linagusa boriti. Isipobadilika, ni ugumu wenyewe.

Mwanachama wa Rongai: Fundi wangu hujaza ile gundi ya kubandikia kioo cha mbele ndani ya matundu ya maunti ya zamani. Ni jambo la maana au ni ujanja wa kutuosha pesa?

Jibu: Ni swali zuri, na wazo si la kipuuzi, kwa kuwa gundi hiyo nayo ni poliurethani. Tatizo ni jinsi inavyokauka: hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 3 hivi kwa siku. Tundu nene likijazwa mara moja, ngozi ya nje hukauka na kuzuia unyevu, huku katikati ikibaki laini kwa muda mrefu sana, na fundi hukurudishia gari jioni hiyo hiyo. Anayetaka kujaza atumie poliurethani ya sehemu mbili zinazochanganywa, ambayo hukauka kote kwa pamoja, asafishe mpira wa zamani kwanza hadi usiwe na dalili ya mafuta, na asubiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Tena mpira uliokwisha kuachana na chuma haujazwi, huo hutupwa.

Mwanachama wa Kariobangi: Je, bushi za poliurethani zinazolia kila tuta nizipake grisi ya magurudumu?

Jibu: Paka grisi ya silikoni. Ile ya magurudumu huoshwa na maji ya mvua mapema, na ikigusa mpira wa asili ulio jirani huulainisha. Ukizifungua bushi hizo, ifungue pia ile bushi ya nyuma ya chuma cha wenzo wa gia uitazame. Ni kipande kidogo, na kwa wanaotaka gia zilizokaza ningeanza na hicho kabla ya maunti.